Mzinga Uliofika Arusha

Section 58 ni mtaa ulioitwa namba, na sisi tunaoishi Nakuru tumezoea. Hapa ardhi huzungumzwa kwa bloku na ploti. Mtu akikutajia bloku aliyonunua, unajua papo hapo kama amenunua shamba au amenunua kesi. Lakini ukiipa kreta ya Menengai mgongo, siku isiyo na vumbi, ukatazama ng'ambo ya ziwa, utaona ukingo mrefu wa kijani kilichofifia. Huko ni Mau. Kwa wenyeji wa zamani wa huko, ardhi haikuwa na namba. Ilikuwa na vijito, kila kijito na jina lake, na kila jina na ukoo wake.

Wenyeji hao ni Waogiek. Vitabu vya wakoloni viliwaita Wandorobo, neno lililotoka kwa Wamaasai, ambao kwao lilimaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Hebu fikiria uandikishwe serikalini kwa jina ambalo jirani yako alikupa kwa kukudharau, na miaka mia baadaye uje kudai ardhi kwa jina hilohilo. Sehemu kubwa ya historia ninayoisimulia imejificha katika neno hilo moja. Asiye na ng'ombe alionekana hana boma, asiye na boma hana mpaka, na asiye na mpaka hawezi kuwa na ardhi ya kuibiwa.

Mipaka ilikuwepo. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, unaoitwa konoito, uliopanda kutoka msitu wa chini hadi kwenye mianzi juu, huku mito na migongo ya vilima ikiutenga na wa jirani. Ukanda ulipanda hivyo kwa sababu ya nyuki. Maua hayachanui pote kwa wakati mmoja. Yakiisha bondeni, huanza juu, na mrina asali huyafuata. Mizinga ya magogo, mingi ikichongwa kwa mtarakwa kwa sababu hauozi upesi, ilining'inizwa mitini, na mwenye mzinga alijulikana. Kupanda kwenye mzinga wa mtu mwingine kulikuwa wizi, sawa na kumkamulia mtu ng'ombe wake usiku. Asali ilikuwa chakula, pombe ya wazee, mahari, na bidhaa ya kubadilishana na Wamaasai na Wakipsigis. Ukisikia mtu akisema kwamba wawindaji hawakuwa na mali, mwulize kama amewahi kupanda mti wa mita 20 akiwa na moshi mkononi.

Reli ilipopita hapa Nakuru mwaka 1900, mambo yalianza kubadilika kwa kasi. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na Lord Delamere alikuwa tayari amepewa ekari 100,000 pale Njoro. Waogiek walikuwa juu msituni, na kwa muda ilionekana kana kwamba mafuriko yangewapita chini. Hayakuwapita. Idara ya misitu iliuona Mau kama ghala la mbao. Miti ya asili ilikatwa, misaipresi na misonobari ikapandwa kwa mistari, na Elburgon ikawa mji wa viwanda vya mbao. Kwa mrina asali, shamba la misaipresi ni jangwa lililopakwa rangi ya kijani. Nyuki hana la kufanya humo.

Mwaka 1932 Uingereza iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Jaji Morris Carter. Ripoti yake ya 1934 iliamua hatima ya "Wandorobo" kwa maneno machache: kila inapowezekana, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa wanayofanana nayo na wamezwe huko. Sioni waraka mwingine uliowadhuru kuliko huo. Hauna risasi wala moto, una sentensi tu zilizopangwa vizuri, na kila serikali iliyofuata iliurithi bila kuusoma. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika, na msitu ukabaki mali ya serikali kama ulivyokuwa.

Kupinga kwa Waogiek kulipita njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kimya, nayo ni kurudi. Wakifukuzwa leo, vibanda vikichomwa, baada ya miezi wanaonekana tena kwenye kijito kilekile. Ya pili ilikuwa ya karatasi, na ndiyo iliyoshika kasi miaka ya 1990, serikali ilipoanza kugawa Mau Mashariki kuwa mashamba. Jina la Waogiek lilitajwa kama sababu ya mgao, lakini maelfu ya ekari yaliishia mikononi mwa watu wa mbali na wenye vyeo. Mwaka 1997 Waogiek 22 waliishtaki serikali kwa niaba ya wenzao. Mwaka 1999 wakafuata wa Tinet, upande wa kusini-magharibi wa msitu.

Kesi ya Tinet iliamuliwa kwanza, Machi 2000, nao wakashindwa. Majaji walitazama wakaona watu wenye mashamba, maduka na shule, wakasema hawa hawaishi tena kwa kuwinda na kurina, kwa hiyo kuwatoa msituni hakuwanyimi riziki. Hapo ndipo mtego ulipofunga pande zote mbili. Mwogiek akibaki na upinde wake, ni jangili anayeharibu msitu. Akimpeleka mtoto shule, si Mwogiek tena. Mwaka uliofuata, 2001, serikali ilifuta ulinzi wa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki, na shoka likaendelea. Kesi ile ya 1997 ilisubiri hadi Machi 2014, miaka 17, ndipo Jaji Pauline Nyamweya alipoamua kwamba haki zao zilivunjwa, akaiagiza Tume ya Taifa ya Ardhi iwatafutie ardhi ndani ya mwaka mmoja.

Katikati ya miaka hiyo ya kungoja, jambo nilipendalo kuliko yote lilifanyika Nessuit, kule juu ya Njoro. Agosti 2006, wanaume na wanawake wapatao 120 kutoka koo 21 walikusanyika kujenga Mau kwa kadibodi. Walipanga kadibodi tabaka juu ya tabaka kufuata miinuko, hadi ukatokea mfano wa nchi yao wenye mabonde na vilima, ambapo sentimita moja ilikuwa mita 100 za msitu. Uliwakilisha kilomita za mraba 576. Kisha wazee wakaanza kutaja: hapa kijito hiki, hapa mpaka wa ukoo fulani, hapa palikuwa na mizinga. Pini na nyuzi za rangi zikachomekwa mahali pa kila jina. Walioshiriki waliuonyesha msitu kama ulivyokuwa miaka ya 1920, kabla ya misaipresi. Mtu asiyejua kusoma ramani ya serikali alisimama pale akawafundisha wasomi ramani yake.

Sidai kwamba kadibodi ilishinda kesi. Ila ilionyesha kwamba kumbukumbu inaweza kupimwa, na kwamba kinachoitwa ardhi isiyo na mwenyewe kilikuwa na wenyewe wengi mno kiasi cha kugombana.

Oktoba 2009 Shirika la Misitu lilitoa ilani ya siku 30: watu wote watoke Mau. Serikali ilikuwa na hoja nzito. Mau ndio msitu mkubwa zaidi kati ya minara mitano ya maji nchini, chanzo cha mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru, na wa Mara na Sondu pia. Lakini ilani haikutofautisha aliyezaliwa mle na aliyeuziwa ploti juzi. Mwezi uliofuata shirika la Waogiek lenye makao hapa Nakuru, OPDP, chini ya Daniel Kobei, pamoja na washirika wake, lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. Ni wakati uleule ambapo jirani zao Waendorois, waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama, walishinda kesi yao mbele ya tume hiyohiyo. Umoja wa Afrika uliuridhia uamuzi huo Februari 2010. Ukitoka Nakuru kwenda Bogoria huchukui nusu siku, lakini haki yao ilizunguka hadi Gambia kwanza.

Tume iliupeleka mgogoro wa Waogiek kwenye Mahakama ya Afrika mwaka 2012. Ushahidi ulisikilizwa Addis Ababa Novemba 2014, na hukumu ikasomwa Arusha tarehe 26 Mei 2017, wazee na akina mama waliosafiri kutoka Mau wakiwa ukumbini. Mahakama ilikataa dai moja, la haki ya kuishi. Katika mengine ilikuta Kenya imevunja vifungu 7 vya Mkataba wa Afrika. Ilisema pia kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek, kwa kuwa ulitokana na wavamizi wengine, mgao wa serikali na vibali vya kukata miti. Na kuhusu yale maduka na shule za Tinet, ilijibu kwamba utamaduni hubadilika na mwenye nao akabaki yuleyule.

Juni 2022 mahakama ilitaja fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu waliyopata, pamoja na hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao ndani ya miaka miwili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 63, ilikuwa tayari imesema kwamba ardhi ya mababu na ya jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Novemba 2023, kabla ya miaka hiyo miwili kwisha, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Juni 2024 ikafika bila hatimiliki.

Hatimiliki hiyo ikiandikwa, msoroveya atahitaji kuipa namba, kama kila kipande cha ardhi hapa Nakuru. Mipaka yenyewe hatakuwa na kazi ya kuitafuta. Ilichomekwa pini kwenye kadibodi Nessuit mwaka 2006.