Barkhad Abdi: kutoka Mogadishu hadi filamu za Marekani

Barkhad Abdi ni mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Mogadishu, anayeishi Marekani na anayefahamika zaidi kwa nafasi za mwigizaji msaidizi. Alizaliwa mwaka 1985. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia, familia yake ilikimbilia Yemen, na mwaka 1999 ikahamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Katika makala hii tunamwita Barkhad, kwa sababu kwa desturi ya Kisomali Abdi ni jina la baba, si la ukoo.

Kabla ya mwaka 2011 hakuwa amewahi kuigiza filamu. Aliuza simu dukani kwa kaka yake, na pia aliwahi kuwa dereva wa magari ya kifahari ya kukodi. Mwaka huo likatoka tangazo la usaili wa wazi kwa vijana wa Kisomali mjini Minneapolis, na zaidi ya watu 700 wakajitokeza. Waliochaguliwa ni wanne: Barkhad, Faysal Ahmed, Barkhad Abdirahman na Mahat M. Ali. (Usaili halali hautozi ada. Akija mtu kambini anadai pesa ya fomu ili akupeleke kwenye filamu nje ya nchi, huyo ni tapeli.)

Filamu hiyo ni Captain Phillips, iliyoongozwa na Paul Greengrass na kutoka mwaka 2013. Inasimulia kutekwa kwa meli ya Maersk Alabama mwezi Aprili 2009 ilipokuwa njiani kwenda Mombasa. Sehemu ya shehena yake ilikuwa chakula cha msaada, jambo ambalo watu wa kambini hawalipiti hivi hivi. Barkhad aliigiza kama Muse, kiongozi wa maharamia. Muse halisi alikamatwa akiwa hai, wenzake watatu wakauawa, naye akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 33 nchini Marekani.

Vijana hao wanne walifundishwa kuogelea na kupanda ngazi kutoka kwenye mashua inayoyumba. Mwongozaji hakuwaruhusu kukutana na Tom Hanks, nyota wa filamu, mpaka siku ya kupiga picha za maharamia wakivamia chumba cha usukani. Hofu inayoonekana pale ina ukweli ndani yake. Hata maneno ya Barkhad ya kumwambia nahodha kwamba amri imebadilika mikono hayakuwa kwenye hati ya filamu. Aliyatoa mwenyewe papo hapo.

Mwigizaji msaidizi si yule anayepita nyuma amebeba kikapu. Ni mhusika anayebeba hadithi pamoja na mhusika mkuu, na ana tuzo zake. Februari 2014 Barkhad alishinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa nafasi hiyo. Aliteuliwa pia kwa Oscar, ambayo ilikwenda kwa Jared Leto. Miaka 29 kabla yake, mwaka 1985, Oscar hiyo hiyo ilichukuliwa na Haing S. Ngor, daktari mkimbizi kutoka Kambodia ambaye naye hakuwa amewahi kuigiza.

Kuhusu malipo, wengi hukosea hesabu. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba Barkhad alilipwa dola 65,000, katika filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Kiasi hicho si kidogo, lakini hulipwa mara moja, kodi na wakala hukata chao, na baada ya hapo mtu husubiri simu ambayo huenda isilie kwa miezi. Iliripotiwa pia kwamba baada ya kupiga picha za filamu alirudi dukani kuuza simu.

Tatizo la pili lilikuwa aina ya kazi. Msomali aliyesifiwa akiwa haramia ni rahisi kuitwa tena awe haramia. Kwa maoni yetu kazi yake bora zaidi ni ile iliyofuata, Eye in the Sky ya mwaka 2015. Humo ni Jama Farah, jasusi wa Kenya aliyejichanganya na raia mtaani Eastleigh, Nairobi, anayehangaika kununua mikate yote ya msichana mdogo ili mtoto aondoke mahali ambapo kombora litaanguka. Mkazi wa Eastleigh atagundua haraka kwamba mitaa ile si yake. Picha zilipigwa Afrika Kusini.

Mwaka 2017 alionekana katika Good Time, akiwa mlinzi wa usiku, na kwa dakika chache katika Blade Runner 2049. Mwaka huohuo alicheza pia katika The Pirates of Somalia. Mwaka 2019 aliingia katika tamthilia ya televisheni ya Castle Rock, safari hii akiwa Msomali aliyehamia mji mdogo wa Marekani na kujenga maisha yake huko.