Chembe, Molekuli na Muhogo Mchungu wa Tarime

Mwaka 1990 yalitoka machapisho mawili yanayomhusu mfasiri wa sayansi nchini, ingawa waandishi wake walikuwa wa fani zilizo mbalimbali. La kwanza ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. La pili ni taarifa ya madaktari katika jarida la Brain la Uingereza, kuhusu ugonjwa wa kupooza miguu uliozuka mwaka 1985 Wilayani Tarime, ambayo siku hizo ilijumuisha na Rorya ya leo.

Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Miguu hukakamaa ghafla, wala haipati kupona kabisa. Huko Tarime ulikuwa wakati wa ukame, na chakula kilikuwa muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha.

Sasa tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi huko Itiryo, ambaye wanafunzi wake huzungumza Kikuria nyumbani na hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Atawaambia nini? Akisema kwamba muhogo una “chembe za sumu”, hajakosea kisarufi, lakini hajaeleza kitu. Neno chembe limebebeshwa mzigo mzito mno: tunayo chembe ya mchanga, chembe ya damu, chembe hai na chembe ya urithi. Chembe ya damu ni seli nzima, yenye mabilioni ya molekuli ndani yake. Hapana budi tutenge.

Molekuli ni fungu la atomi zilizoshikamana. Molekuli ya sianidi ya haidrojeni ina atomi tatu tu. Huwa gesi kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, kwa hiyo jua la kawaida huitorosha. Linamarini, iliyomo ndani ya muhogo, ina atomi 34: ni glukosi moja iliyofungamana na kipande chenye sianidi. Molekuli ya wanga ni maelfu ya glukosi zilizoungana. Glukosi ni ile ile: ikishikana na wenzake ni ugali, ikishikana na kile kipande ni hatari. Mkemia huzitofautisha kwa muundo. Mwanabiolojia huuliza kila moja inafanya kazi gani katika kiumbe.

Hapa ndipo tafsiri inapoweza kumdhuru mtu. Linamarini haivunjiki kwa moto wa chungu. Huvunjwa na kimeng'enya, ambacho nacho ni protini, yaani molekuli kubwa iliyojengwa kwa asidi amino; na hicho hukaa mbali na linamarini mpaka muhogo upondwe, ukunwe au ulowekwe. Moto hukiharibu kimeng'enya na kuiacha linamarini nzima. Kijitabu kinachosema “chemsha ili kuua chembe za sumu” kimeazima lugha ya vijidudu na kuipeleka mahali pasipo na chochote cha kuuawa.

Mwilini nako protini ina kazi nyingine. Asidi amino zenye salfa hutoa ile salfa inayogeuza sianidi kuwa thayosianati, itokayo kwa mkojo. Mlo wa muhogo mtupu, bila maharage, samaki wala maziwa, huongeza sumu na kupunguza kinga yake kwa wakati mmoja.

Wapo wanaolalamika kwamba molekuli ni neno la kigeni. Ni kweli, kama vile kitabu, shule na hata muhogo wenyewe, uliotoka Amerika ya Kusini, vilivyokuwa vigeni. Ningependelea molekuli na seli zitumike tangu darasa la tano, na chembe ibakie kwa punje na vumbi. “Sumu ya muhogo” iendelee kutumika sokoni. Lakini katika miongozo ya afya ielezwe wazi kama inayokusudiwa ni linamarini au sianidi, kwa kuwa ya pili hutoka kwa kuanikwa na ya kwanza husubiri kupondwa.