Mstari Unaohama: Historia Fupi ya Kufaulu na Kufeli Kidato cha Nne Tanzania

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa mwisho. Kati ya Septemba na Oktoba wazazi hufika na mashada ya maua, wahitimu husoma risala, mgeni rasmi huahidi mifuko ya saruji au kompyuta, keki hukatwa na picha hupigwa. Mtihani wenyewe huja Novemba, na matokeo hutoka Januari.

Mpangilio huo una maana kubwa kuliko tunavyoudhania. Kijana wa Kitanzania huvuka vizingiti viwili. Cha kwanza huwekwa na jamii, na humpokea kila aliyestahimili miaka minne ya masomo. Cha pili huwekwa na dola, nacho huchambua: daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na sifuri. Lugha yetu imetenga maneno mawili kwa mambo hayo mawili, kuhitimu na kufaulu. Lakini ifikapo Januari neno la kwanza husahaulika, na kijana aliyeshangiliwa Oktoba huonekana kama hajawahi kusoma kabisa.

Makala haya yanahusu kizingiti cha pili. Hoja yangu ni kwamba mstari unaomtenga aliyefaulu na aliyefeli haukushuka kutoka mbinguni. Umechorwa na watu, kwa mahitaji ya wakati wao, na umesogezwa mara nyingi. Asiyeijua historia hiyo huwahukumu watoto kwa jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni uamuzi wa watu wazima.

Chujio la mkoloni

Serikali ya kikoloni ya Waingereza haikujenga shule za sekondari Tanganyika ili kuelimisha umma. Ilihitaji makarani, walimu, matabibu wasaidizi na watawala wa ngazi ya chini, tena kwa idadi ndogo. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ililenga kwanza watoto wa watemi. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa mtemi wa Wazanaki, alisoma hapo kabla ya kwenda Makerere mwaka 1943.

Njia ilikuwa na milango mingi, na kila mlango ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Wengi waliishia darasa la nne. Waliobaki walichujwa tena darasa la nane, kisha la kumi, na wachache mno walifika darasa la kumi na mbili na kufanya mtihani wa Cambridge. Karatasi zao za majibu zilisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Mtahiniwa aliyefeli Kiingereza aliweza kukosa cheti chote, hata kama alikuwa hodari wa hesabu au sayansi.

Katika michujo ya ndani, idadi ya nafasi ilijulikana kabla kalamu haijagusa karatasi. Kama shule ya ngazi ya juu ilikuwa na viti arobaini, mtoto wa arobaini na moja alikuwa amefeli, hata awe na akili kiasi gani. Huo ndio urithi tulioupokea: mtihani ambao kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa uhaba.

Ukubwa wa uhaba huo unaonekana katika takwimu ambazo Mwalimu mwenyewe alizitoa mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu.

Cheti kama tiketi

Nchi yenye wahitimu 176 wa kidato cha sita haiwezi kukwepa kuwatukuza. Baada ya uhuru ofisi zilihitaji Waafrika wa kushika nafasi za wageni, na cheti kikawa tiketi ya kazi, nyumba ya serikali na mshahara. Vijana walielewa haraka, na haikuwa haki kuwalaumu kwa kuelewa walichofundishwa.

Mgongano ulikuja Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, sehemu ya muda huo wakilipwa kiasi tu cha mshahara ambao wangestahili. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira iliyoingia katika historia, akawarudisha nyumbani karibu 400, na akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na mara baada yake Elimu ya Kujitegemea. Humo Mwalimu alishauri kwamba mitihani ipunguziwe hadhi machoni mwa serikali na mwa umma. Aliona kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka na kueleza mambo kwa wakati maalumu, lakini haupimi busara, tabia wala moyo wa kuhudumia wengine. Aliona pia kwamba mfumo unaowaandaa wachache kwenda mbele huwafanya walio wengi wajihisi wameshindwa, hali wao ndio taifa.

Kuutaifisha mtihani

Mwaka huohuo wa 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoendelea kushirikiana na Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa mara ya kwanza, maswali, usahihishaji na mpaka wa kufaulu vyote vilikuwa mikononi mwetu.

Swali likawa: tutaifanyia nini mamlaka hiyo? Jibu la kwanza lilikuwa la kijasiri. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kufaulu kidato cha sita peke yake hakutatosha tena kumfikisha mtu chuo kikuu. Kijana angepitia Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kuanzia 1976 upimaji wa darasani, kazi za mikono na mwenendo viliingizwa katika tathmini, na kazi za miaka ya masomo zikapewa nusu ya alama za mwisho.

Sifa za mageuzi hayo ni nyingi, lakini tusiyapambe. Mwenye kuandika pendekezo alikuwa na uwezo wa kumwinua mtu au kumzima. Idadi ya wasichana waliorudi masomoni baada ya miaka ya kazi ilishuka, na haikuchukua muda masharti yakalegezwa kwao. Katika miaka ya 1980 njia ya kwenda chuo moja kwa moja kutoka kidato cha sita ilirejea. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya jeshi hilo yakasitishwa, hadi yaliporejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Karatasi ya mtihani ikarudi polepole kwenye kiti chake cha enzi. Ilipopanda tena thamani, tamaa ya kuiiba nayo ilipanda: mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa na kurudiwa.

Mwaka ambao mstari ulionekana

Mwanzoni mwa karne hii serikali iliamua kupanua sekondari. Kupitia mpango ulioanza mwaka 2004, wananchi walichangishwa fedha, mawe na nguvu zao, na shule za kata zikaota nchi nzima. Wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka takriban 430,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya 1,600,000 mwaka 2010. Kwa kipimo chochote hayo ni mafanikio makubwa. Lakini majengo yalitangulia walimu, na walimu walitangulia vitabu na maabara.

Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Waliofaulu walikuwa asilimia 34.5. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei serikali ililiambia Bunge kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya, kwa kuwa utaratibu mpya wa kupanga alama ulitumika bila maandalizi ya kutosha. Matokeo yalipotoka mara ya pili, ufaulu ulikuwa asilimia 43, na wenye sifuri walipungua kwa takriban 30,000.

Msomaji, tulia hapo kidogo. Vijana hao 30,000 hawakuandika neno jingine hata moja. Majibu yao yalikuwa yaleyale, katika karatasi zilezile. Februari walikuwa wamefeli. Mei walikuwa na cheti. Kilichohama ni mstari.

Nao ukaendelea kuhama. Mwishoni mwa 2013 Wizara ilitangaza viwango vipya vya alama, pamoja na wazo la kuliita daraja sifuri daraja la tano, wazo lililopingwa vikali na kuachwa. Mwaka 2014 madaraja yaliondolewa na kuletwa mfumo wa wastani wa pointi. Mwishoni mwa 2015 Dk. Joyce Ndalichako, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza wakati wa matokeo ya 2012, aliteuliwa Waziri wa Elimu, na mapema 2016 mfumo wa madaraja ukarejeshwa. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2012 alisoma miaka minne huku kipimo chake kikibadilishwa zaidi ya mara moja.

Kizingiti cha lugha

Kuna mstari mwingine ambao haukuhama, nao ni wa lugha. Walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huulizwa baiolojia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Nimesahihisha karatasi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu kwa miaka mingi. Hao ni walioshinda michujo yote, na bado wengi wao hueleza jambo kwa ufasaha tukizungumza ofisini kwangu, kisha huliandika kwa Kiingereza kilichovunjika hata maana ikapotea. Sasa fikiria mwenzao wa shule ya kata aliyeachwa nyuma. Tunaposema hajui, mara nyingi hatujui kama hajui somo au hajui lugha ya swali. Kwa namna hii mzimu wa Cambridge bado umo ndani ya chumba cha mtihani.

Swali la sasa

Yamekuwepo mageuzi ya kupongezwa. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022. Mwishoni mwa 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, na hivyo kuyanyima matangazo ya biashara mbolea yake kuu.

Lakini badiliko kubwa zaidi liko mbele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika Toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake kidato cha nne hakitakuwa tena chujio la wachache. Kitakuwa mwisho wa elimu ambayo dola inamlazimisha kila mtoto kuipata.

Hapo urithi wa mkoloni unagongana na ahadi ya Jamhuri. Je, dola inaweza kumshurutisha mtoto akae darasani miaka 10, kisha imkabidhi karatasi yenye neno sifuri na kumwambia kosa ni lake? Chujio lilikuwa na mantiki yake, hata kama ilikuwa katili, pale viti vilipokuwa arobaini. Katika elimu ya wote, sifuri ya mtoto ni hesabu ya mwalimu aliyekosekana, maabara isiyojengwa na lugha isiyoeleweka, kabla haijawa hesabu ya uvivu wa mtu mmoja.

Sisemi mitihani ifutwe. Taifa linahitaji kujua nani anaweza kusomea udaktari, na mtoto wa maskini asiye na mjomba serikalini ana kinga moja tu, yaani karatasi isiyotaja jina la ukoo wake bali namba yake. Historia ya mapendekezo ya Musoma inatukumbusha hatari ya kuiacha kinga hiyo.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mstari wa kufaulu usibadilishwe kwa waraka wa katikati ya safari. Anayeanza kidato cha kwanza aujue utakaompima atakapomaliza. Kila matokeo yatangazwe pamoja na idadi ya walimu, vitabu na maabara za shule husika, ili umma usome sababu na matokeo kwa pamoja. Swali la Makweta lirudishwe mezani na lijibiwe kwa hoja. Na cheti cha kumaliza miaka 10 kieleze kijana anaweza kufanya nini, kisha kimwonyeshe mlango unaofuata, uwe wa kidato cha tano, wa chuo cha ufundi au wa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ndio watakaoandika kanuni za sera hiyo. Wanafunzi na wanaharakati wanaousoma wana haki ya kuziuliza kanuni hizo kabla hazijatiwa saini. Mstari utachorwa tena, na safari hii tunajua kwamba kuna mkono unaouchora.