Kamari au ujuzi?

Wadau, leo historia kidogo. Fantasi ya futiboli ya Kimarekani, yaani kuunda timu ya karatasini na kupata pointi kwa wanachofanya wachezaji uwanjani, ilibuniwa 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, na wenzake. Timu ilikuwa ya msimu mzima. Mwaka 2006 sheria ya Marekani ya kubana kamari za intaneti ikaiacha fantasi, mradi matokeo yategemee ujuzi. Ndipo ya siku moja ikapenya: FanDuel 2009, DraftKings 2012. DraftKings unapewa dola 50,000 za kufikirika, ujaze nafasi 9. Ukibeba mastaa wawili, wengine unaokoteza. Ujanja ni kumpata wa bei chee aliyepata namba kwa kuwa mwenzake kaumia. Ujuzi upo kweli, ila kiingilio ni hela halisi. Mimi boom langu limeishia kwenye mikeka, nikijiita mjuzi. Jumatatu naanza mazoezi ya kufundisha, nauli sina. Nani ananikopesha?