Ukumbi wa Mnazi Mmoja na Uwanja wa Same

Mwenye kuandika tarikh ya ukumbi wa michezo na muziki huanza na msingi wa jengo, mwaka wa kufunguliwa kwake, na jina la tajiri aliyetoa fedha. Nami nitafika huko. Lakini nia yangu ni kuuliza ukumbi wa umma hufanywa na nini, na kwa hiyo naanzia mahali ambapo umma ulikutana pasipo ukumbi: Same, mji mdogo wa reli chini ya milima ya Upare, upande ule ambao mvua huukwepa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa wilaya ya Pare pamoja na wafumwa walianzisha kodi ya kupima mali ya kila mtu, wakaiita mbiru. Jina hilo lilikuwa la kale. Ndilo lililotumiwa kwa ushuru ambao watu waliwapa wafumwa wao zamani. Walioliazima walidhani jina la nyumbani litalainisha jambo la kigeni. Wapare hawakulainika. Waliuliza mali ya mtu itapimwa na nani, na kwa kipimo gani, wakataka kodi iliyo sawa kwa wote. Mwezi wa Januari, 1945, maelfu ya watu walishuka milimani wakaja Same, wakakaa mbele ya boma. Hawakuja kupigana; walikaa tu, na kule kukaa ndiko kulikomshinda Bwana Shauri, kwa maana askari hufundishwa kutawanya ghasia, wala hafundishwi afanyeje na watu walioketi kimya. Huko Usangi wanawake nao walitoka wakamkabili, wakamwambia amalize shauri la kodi waume zao warudi nyumbani, ama sivyo awape yeye mimba wote. Sijui neno la siasa lililosemwa wazi zaidi ya hilo katika miaka ile. Mwisho wake mbiru ilifutwa, na mwaka 1946 kikazaliwa chama cha Wapare Union.

Katika miaka ile ile serikali ilikuwa ikishughulika na mkusanyiko wa namna nyingine. Askari wa Kiafrika walikuwa wakirudi kutoka vitani, nao walikuwa wameona mengi. Ikaonekana yafaa wajengewe nyumba za starehe mijini, zenye magazeti, redio, chai, michezo na dansi. Nia haikuwa mbaya yote. Illa palikuwa na tumaini kwamba mtu achezaye hatauliza maswali mengi.

Nyumba iliyopata sifa kuliko zote ni ile ya Dar es Salaam, katika Mnazi Mmoja, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki aliyetajirika kwa mkonge, zao ambalo Mpare wa bonde la Mkomazi alilijua mgongoni mwake kabla hajapata kusikia habari za dansi. Ukumbi ukaitwa kwa jina lake, na vinywa vya watu vikaligeuza kuwa Anatoglo. Humo palikuwa na ngumi, masomo ya jioni na muziki wa bendi. Walioingia zaidi walikuwa makarani, walimu na watu wenye mishahara. Kuli wa bandarini hakuwa na tai wala wakati. Yafaa tuliseme hili bila haya, kwa kuwa wako wasimulizi wapendao kuufanya kila ukumbi wa zamani kuwa nyumba ya watu wote.

Hata hivyo, inasimuliwa kwamba ni katika ukumbi huo huo, tarehe 17 Aprili, 1953, wanachama wa Tanganyika African Association walikutana kumchagua rais wao. Walioshindana walikuwa Abdulwahid Sykes, mtu wa mji na wa ukoo ulioijenga TAA, na Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyetoka kusoma Uingereza miezi michache tu kabla. Nyerere akashinda, na tarehe 7 Julai, 1954, chama kikageuka kuwa TANU.

Hapo ndipo Same na Mnazi Mmoja hukaribiana. Kule watu hawakupewa mahali, wakakifanya kiwanja cha boma kuwa baraza lao. Huku walipewa nyumba wacheze, nao wakacheza kweli, na katikati ya dansi na dansi wakapiga kura. Anayejenga ukumbi huamua ukubwa wa mlango na urefu wa jukwaa; shauri litakalonenwa ndani hawezi kuliamua.

Tena ukumbi haukutosha muda mrefu. TANU ilipoanza kuita mikutano ya hadhara, watu walikuja kwa maelfu, wala hapakuwa na dari la kuwafunika. Wakakutana nje, katika viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani, wamesimama juani kama walivyokaa Wapare miaka kumi nyuma. Na humo ndani ya Anatoglo bendi zikaendelea kupiga.