Hakimu Mmoja na Raia Wawili

Mtoto akivunja sheria ya nchi, nani amwamue? Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi watu wa Ujerumani walivyolijibu swali hili, kwa maana jibu lao limepita katika heri na katika msiba.

Sheria yao ya mwaka 1871 ilisema ya kuwa mtoto aliyetimiza miaka 12 aweza kushtakiwa. Adhabu yake ilipunguzwa, lakini alisimama mbele ya mahakama zile zile za watu wazima. Mwaka 1899 mji wa Chicago, katika Marekani, ulifungua mahakama ya watoto peke yao, na habari zake zikavuka bahari. Mwaka 1908 mji wa Frankfurt nao ukaweka mahakama ya vijana, ambamo hakimu mmoja aliamua kosa la kijana na kuyaangalia malezi yake pia.

Ndipo ilipotungwa sheria ya mwaka 1923. Umri wa kushtakiwa ukapandishwa hadi miaka 14, na mahakama ikapewa ruhusa ya kuchagua malezi mahali pa kifungo. Kando ya hakimu waliketi raia wasio wanasheria. Na wanawake, waliofunguliwa mlango wa kazi hiyo mwaka 1922, waliweza kuwa miongoni mwao.

Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Hitler iliwaondoa raia hao katika mahakama za kawaida. Mwaka ule ule ikatoa amri kwamba kijana wa miaka 16 aweza kuhukumiwa kufa, na mwaka 1943 ikaruhusu watoto wa miaka 12 kushtakiwa tena kwa makosa mazito. Hatusemi ya kwamba raia wangaliweza kuizuia dola ile. Lakini saa ya hatari kubwa ilipofika, viti vyao vilikuwa vitupu.

Sheria ya mwaka 1953 iliurudisha umri wa miaka 14. Tangu hapo hata mwenye miaka 18 hadi 20 huweza kuhukumiwa kama kijana, akili yake ikiwa haijapevuka. Makosa madogo huamuliwa na hakimu peke yake. Yaliyo makubwa zaidi huamuliwa pamoja na raia wawili, na yapasa mmoja awe mwanamume na mmoja mwanamke. Huchaguliwa kwa miaka 5, nao watakiwa wawe na maarifa ya kulea vijana. Hawapati mshahara, ila hulipwa gharama zao. Kesi ya aliye chini ya miaka 18 husikilizwa faraghani, na mtumishi wa ofisi ya vijana hueleza habari za nyumbani kwake na mwenendo wake.

Wakati wa kukata shauri, raia hutoa kura zao kwanza, mdogo akimtangulia mkubwa. Hakimu hutoa yake mwisho, elimu yake isije ikawafunga wengine midomo. Kijana hatiwi hatiani ila wawili katika watatu wakubaliane. Basi raia wawili waweza kumshinda hakimu.

Wako wasemao ya kuwa sheria ni elimu, haifai kukabidhiwa wasioisoma, ambao huweza kuvutwa na hasira au na huruma. Neno hili lina kweli ndani yake. Lakini mbele ya kijana pana maswali mawili: alifanya nini, na atafanywaje asirudie? La pili halijibiwi na kitabu cha sheria peke yake. Lataka na mtu aliyekwisha kulea.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tuongeze ya kwamba mikono ya kumkunja yafaa iwe zaidi ya miwili. Nasi walimu, tukutanapo kumwamua mwanafunzi mkosefu, na tumwache mwalimu aliye mdogo aseme kwanza, na mkubwa wa shule aseme mwisho.