Mkojo Mweusi wa Alfajiri

Katika mwaka wa 1882, huko Greifswald, mji mdogo wa Ujerumani ulio karibu na Bahari ya Baltiki, tabibu aitwaye Paul Strübing aliandika habari za fundi wa mikokoteni, kijana wa miaka 29, ambaye aamkapo alfajiri alikuta mkojo wake umekuwa mweusi mithili ya kahawa iliyokolea. Strübing hakuandika dalili akanyamaza. Alijiuliza kwa nini damu iharibike usiku, akakisia kwamba ila imo katika chembe nyekundu zenyewe, nazo huvunjika kwa kuwa hewa ya ukaa huzidi katika damu ya mtu aliyelala ikaitia uchachu. Kwa maoni yangu tabibu huyu alidhulumiwa sifa yake, maana ilibidi kungoja hata 1937, ndipo Thomas Hale Ham wa Boston alipoyatia asidi kidogo majimaji ya damu, na chembe za wagonjwa zikapasuka humo, ilhali za watu wenye siha zilisalimika.

Kilichozipasua kilikwisha kujulikana zamani, ila kilijulikana kwa wema wake tu. Hans Buchner alikwisha kubaini katika 1889 kwamba majimaji ya damu yana nguvu ya kuua bakteria, na kwamba nguvu hiyo hupotea yakipashwa moto wa digrii 55. Naye Mbelgiji Jules Bordet, akifanya kazi Paris mwaka wa 1895, akadhihirisha kuwa majimaji yaliyopoteza nguvu namna hiyo hurejewa nayo yakitiwa kidogo cha damu mbichi, hata kama ni ya mnyama asiyepata kinga. Paul Ehrlich ndiye aliyekiita kitu hicho komplementi, yaani kikamilisho. Jina lenyewe ni la unyenyekevu mno, jina la mtumishi anayefuata nyuma ya bwana wake, na nadhani liliwapumbaza mabingwa kwa muda mrefu. Kwani Louis Pillemer wa Cleveland alipotangaza katika 1954 kwamba komplementi huweza kuamka yenyewe bila kuitwa na kingamwili, wenzake walimshuku, akafariki 1957 kabla haki yake haijadhihirika.

Njia hiyo ya pili ndiyo yenye kisa chetu. Komplementi ni jamii ya protini nyingi zinazoamshana moja baada ya nyingine, na katika njia ya Pillemer kaa la moto halizimiki kabisa, bali hufuka daima katika damu ya kila mtu. Haliunguzi nyumba kwa kuwa chembe zetu hubeba juu ya ngozi yake walinzi wawili, CD55 na CD59. Kwa wagonjwa wa aina ya yule fundi, jeni iitwayo PIGA huharibika katika uboho, nanga inayowashika walinzi hao haiundwi, na chembe hutoka zikiwa uchi.

Dawa ya kwanza ya kuizuia komplementi katika maradhi hayo, ekulizumabu, ilikubaliwa Marekani mwaka wa 2007. Ni kingamwili inayoshika protini ya C5 na kutiwa mshipani kila baada ya wiki mbili, kwa bei iliyopata kupita dola 400,000 kwa mwaka. Iliwaokoa wengi, lakini kwa kuwa iliziba mlango wa mwisho tu, chembe zilizokwisha kupakwa vipande vya protini nyingine ya jamii hiyo, C3, ziliendelea kuliwa katika ini na wengu.

Basi wakemia wakapanda juu ya mto, kwenye protini za njia ya Pillemer ziitwazo faktori B na faktori D, na hapo ndipo ustadi ulipohitajika. Hizi ni vimeng'enya vya ukoo mmoja na tripsini ya tumboni na thrombini ya kugandisha damu, nazo zote hukata protini kwa meno yanayofanana. Dawa isiyobagua ingezifunga zote pamoja. Bahati ni kwamba faktori D huzunguka damuni kinywa chake kikiwa kimejikunja, hata ikutane na faktori B iliyokwisha kukaa juu ya C3b, kipande cha C3. Umbo hilo la kipekee likawapa mafundi mahali pa kupima ufunguo wao. Faktori D ni chache damuni, lakini huzaliwa upya upesi, na ndiyo maana danikopani, iliyokubaliwa Marekani mnamo Machi 2024 kuongezwa juu ya dawa za C5, humezwa mara tatu kwa siku. Iptakopani, iliyobuniwa na kampuni ya Novartis kuizuia faktori B, ilitangulia kukubaliwa huko mnamo Desemba 2023. Ni kapsuli ya miligramu 200, asubuhi na jioni, wala haihitaji sindano pembeni yake.

Lakini komplementi iliyofungwa haiwezi tena kuwakabili vizuri bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na kwa hiyo, isipokuwa pana dharura, mgonjwa huchanjwa angalau wiki mbili kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza.